Moto Uliokataa Kushuka Shimoni

Nilipangiwa kufundisha Tukuyu nikitokea Singida, nchi ya vumbi na visima virefu, na miezi ya kwanza nilidhani huku jua lilishakufa zamani. Mvua ilinyesha asubuhi, ikapumzika kidogo, ikanyesha tena. Ukungu ulishuka kutoka Mlima Rungwe ukaingia madarasani, na chaki zililowana mpaka zikawa haziandiki.

Chuo chetu kilifundisha matabibu, vijana ambao baada ya miaka michache wangepelekwa kwenye zahanati za vijijini, mahali ambapo mgonjwa akiletwa hakuna mkubwa wa kumuuliza. Mimi nilipewa somo ambalo wengi waliliona la kujazia ratiba: mbinu za utafiti na fikra tunduizi. Wanafunzi wangu walikuwa hodari wa kukariri. Ukiwauliza dalili za homa ya uti wa mgongo walikumiminia zote bila kupumua. Lakini nikiwauliza, "Ungejuaje kama umekosea?" wengi walitazama saa.

Wawili nawakumbuka kuliko wengine. Mmoja alikuwa kijana wa mjini Tukuyu, baba yake ana duka la vitambaa, familia ya swala tano. Huyo ndiye aliyeongoza mitihani yote. Kila jambo alikuwa na jibu lake, na jibu lenyewe mara nyingi lilikuwa sahihi, jambo lililofanya iwe vigumu zaidi kumfundisha. Wa pili alikuwa binti wa kijiji cha Matwebe, mtoto wa wakulima, mpole, mwenye alama za wastani. Alikaa nyuma karibu na dirisha. Swali likimgusa alilifikiria mpaka wengine wakasahau kwamba lilikuwa limeulizwa.

Muhula ule tuliwapeleka kijijini kwa mafunzo ya vitendo. Kijiji chenyewe sitakitaja, kwa sababu watu wake bado wapo. Tulilala kwenye madarasa ya shule ya msingi, na mchana tulipita kaya kwa kaya tukiangalia vyoo, maji na mahali watoto wanapolala. Mwenyekiti wa kitongoji alitutembeza mwenyewe, mzee mrefu mwenye koti la mvua lililopauka, Kiswahili chake kikivutwa na Kinyakyusa cha nyumbani.

Siku ya pili tulishuka kwenye njia ya migombani, naye akaiacha ghafla, akatuzungusha mbali kupitia shamba la chai. Niliangalia kule tulikokwepa. Palikuwa na kiwanja kidogo kwenye kibonde, nyumba imefungwa, na karibu nayo vigogo vya migomba vimelazwa juu ya kitu.

"Hapa hatupiti," alisema.

Binti wa Matwebe akamsogelea akamuuliza kwa Kinyakyusa. Mzee alijibu bila kugeuza kichwa, na binti akawa ananitafsiria huku tukitembea, sauti chini.

Mwanzoni mwa mvua, mwenye kiwanja kile alichimba choo kipya. Shimo lilipompita kimo aliliacha mpaka kesho yake, na asubuhi akashuka kuendelea. Mkewe alimwita chai, hakuitika. Mdogo wake akaenda kumwangalia, akamkuta amekaa chini ameegemea ukuta wa shimo, kichwa kifuani, kama mtu aliyesinzia. Akashuka kumwamsha. Mkewe aliyesimama juu alimwona shemeji yake akiinama, akiweka mkono begani kwa kaka yake, kisha naye akakaa. Walipovutwa kwa miti yenye kulabu, wote wawili walikuwa wamekufa. Hawakuwa na jeraha wala damu, na nyoka hakuonekana.

"Nyuso zao zilikuwa nzuri tu," mwenyekiti alisema kwa Kiswahili, akinitazama sasa. "Hilo ndilo lililotutisha."

"Wazee wanasema ni imbepo," binti aliniambia baadaye tulipobaki nyuma. "Upepo. Pumzi ya watu. Jirani akikukasirikia, hasira yake inatoka kama ubaridi, inakuja kukukuta. Bibi yangu aliamini hivyo mpaka anaingia kaburini."

"Na wewe?"

Alitembea hatua kadhaa. "Mimi sijui bado, Madam."

Jirani mwenyewe alikuwepo. Juu kidogo ya kile kiwanja, kwenye mgongo wa ardhi, aliishi mjane mmoja mzee. Alikuwa amegombana na wale ndugu kuhusu mpaka wa migomba, na siku moja mbele za watu alisema maneno ambayo kila mtu kijijini aliyajua kwa moyo: "Chimbeni tu. Hilo shimo litawameza." Wazee wengi husema maneno kama hayo wakikasirika. Yeye bahati mbaya yake ni kwamba shimo lilimeza kweli.

Tulipofika kwake kukagua choo alitupokea kwa furaha iliyozidi, akatutandikia mkeka, akatuletea ndizi za kuchemsha kabla hatujakaa vizuri. Hapakuwa na mtu aliyekuja kwake tangu msiba. Juu ya bati la nyumba yake niliona mawe, baadhi makubwa kama ngumi ya mwanamume, yamelala pale yalipoangukia. Hakuyazungumzia. Alimuuliza binti wa Matwebe kama mjini kuna mahali wanapokea wazee. Tulipoaga, alimshika mkono binti, akamwambia jambo kwa Kinyakyusa, na binti hakunitafsiria mpaka tulipofika shuleni.

"Amesema wanasubiri mtu wa tatu. Akifa mtu mwingine yeyote hapa, hata akiwa na kifua kikuu, watamfuata yeye."

Jioni nilikaa na wanafunzi darasani. Kijana wa dukani alikuwa na jibu tayari.

"Ni gesi, Madam. Hewa ya ukaa. Milima hii yote ni ya volkano, gesi inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inakaa mashimoni. Haina rangi wala harufu."

"Umejuaje?"

"Inajulikana."

"Mwenyekiti naye anasema inajulikana kwamba ni yule bibi."

Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Nikamwambia nadhani yuko sahihi, lakini kudhani kwangu na kudhani kwake havimsaidii mtu mwenye mawe juu ya bati. Nikawasimulia kwamba kwetu Singida mtu hashuki kwenye kisima cha zamani kabla ya kushusha kibatari. Moto ukizimika, anarudi nyumbani. Tulikubaliana kufanya hivyo hivyo mbele ya watu, asubuhi, kabla upepo haujaanza. Mwenyekiti aliridhia. Sharti langu kwa wanafunzi lilikuwa moja: hakuna atakayeshuka, lolote litakalotokea, hata aliye chini akiwa mimi.

Asubuhi ile hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Nilitegemea watu wachache. Walikuja karibu kitongoji kizima, wakasimama mbali kidogo, wanawake wamejifunga khanga vichwani kwa sababu ya ubaridi. Vijana wangu waliondoa vigogo. Kijana wa dukani alifunga kibatari kwenye waya, akakiwasha, akaanza kukishusha taratibu.

Mwanzo ulimi wa moto ulisimama vizuri. Ulipopita ukingo na kushuka kiasi cha urefu wa mkono ulianza kuinama, ukawa mdogo, ukajitenga na utambi kama unaotaka kuondoka, ukafa. Moshi wake haukupanda. Ulitandaa mle shimoni kama maziwa kwenye bakuli na kubaki hapo. Akakivuta, akawasha, akashusha tena. Ukafa pale pale. Safari ya tatu nilimwambia ampe kibatari mtu yeyote wa kijijini, na mzee mmoja akakipokea, akakishusha mwenyewe. Ukafa pale pale.

Nilikuwa nimejiandaa kueleza. Nilifungua mdomo, lakini yule mzee alinitangulia, akaongea polepole kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Mmeona wenyewe. Hata moto anaunyonga."

Na watu wote wakageuka. Hawakulitazama shimo tena. Waliitazama nyumba ya juu, ambako mjane alikuwa amesimama mlangoni akitazama tunachofanya. Sikuwahi kuona macho mengi hivyo yakielekea mahali pamoja bila sauti. Tulikuja kumsafisha, na sasa tulikuwa tumewapa ushahidi wa macho, waliouona mara tatu, na mara ya tatu kwa mkono wa mtu wao.

Kijana wa dukani aliinua sauti kuanza habari za volkano. Maneno yake yalipita juu ya vichwa vyao. Mimi nilianza kuhesabu njia ya kumtoa yule bibi pale kabla ya jioni.

Binti wa Matwebe hakuwa mtu wa kuongea mbele za watu. Alisogea hadi kwa mwenyekiti, akapiga goti kidogo kama wanavyoamkia wazee wao, akamwita baba kwa lugha yao.

"Tata, naomba kuuliza. Kama ni yeye, moto utazimika hapa alipogombana na watu. Kwingine utawaka. Si ndiyo?"

Mwenyekiti alifikiri. "Ndiyo."

"Na kama ni ardhi, utazimika kila shimo lililo chini bondeni, hata la mtu asiyegombana na mtu. Na shimo la juu litawaka, hata kama ni la kwake mwenyewe."

"Ndiyo," alisema tena, lakini sasa alisema taratibu zaidi.

"Basi tujaribu."

Shimo la juu lililokuwa wazi lilikuwa kweli la mjane, alilochimbiwa na mkwewe kwa ajili ya kuhifadhi mbegu za viazi. Umati ulipanda nyuma yetu. Mjane alirudi ndani akafunga mlango. Kibatari kilishuka mpaka kikagusa udongo, na moto ukaendelea kuwaka, mwekundu, mtulivu. Waliona kwa zamu, mmoja mmoja akiinama.

Kwenye bonde shimo jipya lilikuwa moja tu, na hakuna aliyetaka kulitaja. Lilikuwa la mwenyekiti, nyuma ya zizi lake, karibu na kijito. Alichimba choo mwezi uliopita, mvua zikamkatiza. Alitutangulia kwenda, mikono nyuma. Kibatari hakikufika hata kina kile cha shimo la kwanza. Kilizimika karibu na ukingo kabisa, na aliyekishika, akiwa ameinama, alirudi nyuma akijipangusa pua, akisema inachoma kama mtu aliyebeua soda.

Nilidhani hapo tumemaliza. Lakini nilipotazama nyuso za watu nikaona kitu kipya kinatembea kati yao, na mwenyekiti alikiona kabla yangu.

"Kwa hiyo," alisema, "na mimi ni mchawi?"

Wangeweza kusema hapana, hawakusema.

Aliyezungumza alikuwa ndugu wa tatu wa wale marehemu, mwanamume wa makamo aliyekuwa amesimama peke yake tangu asubuhi. Alisema sisi tunacheza na watu. Kibatari kinazimwa na unyevu, alisema, na shimo la karibu na kijito lazima liwe na unyevu. Yeye mwenyewe kibatari chake huzimika kila mvua. Niseme kweli, lilikuwa pingamizi zuri. Lingetolewa darasani ningelisifu. Nilimwambia hivyo, nikamwambia tutatafuta shimo lenye maji la mlimani tulinganishe. Hakutaka kusubiri.

"Ndugu zangu walikuwa wazima," alisema. "Hawakuuawa na hewa. Nitashuka niwaonyeshe."

Nilimkataza. Mwenyekiti alimkataza. Alikwishavua koti. Binti wa Matwebe ndiye aliyeokota kamba ya kufungia ng'ombe pale zizini, akamtupia.

"Kaka, kama huna hofu, kamba haitakuzuia kitu. Jifunge."

Alimtazama kwa dharau, akajifunga kifuani kama anayemridhisha mtoto. Akashuka kwa kukanyaga vishimo vya ukutani, uso wake ukiwa juu, unatutazama. Maji ya shimo yalimfika vifundoni. Alisimama. "Mnaona?" alisema. Kisha akavuta pumzi ndefu ili aseme tena, na macho yake yakabadilika. Yalikuwa macho ya mtu aliyesahau alichotaka kusema. Akashika ukuta kwa kiganja. Magoti yakakunjika polepole, kwa adabu, akakaa.

Mkewe alilia. Kijana wa dukani, yule wa majibu yote, aliyetufundisha sisi sote kwamba gesi ni nzito kuliko hewa, aliruka kuelekea ukingoni. Nilimdaka kwa shati, mwingine akamkumbatia kiunoni. Alikuwa akipigana nasi, akisema niacheni, anakufa, niacheni. Alijua kila kitu kilichokuwa mle ndani, na bado miguu yake ilitaka kwenda. Nimefikiria sana jambo lile.

"Vuta," binti alisema.

Walivuta, mwenyekiti akiwa wa kwanza kwenye kamba. Mtu yule alitoka mzito, amelegea, kichwa kinagonga udongo. Tulimlaza ubavu kwenye majani, mbali na shimo, mahali pa juu. Alivuta hewa kwa kelele kama aliyekimbia njia nzima kutoka Igogwe. Midomo ilikuwa ya buluu. Taratibu ikarudi rangi. Alipofungua macho alilalamika kichwa, akauliza nani amempiga.

Alikaa pale muda mrefu, blanketi mabegani, ameshika chai bila kuinywa. Sikumsikia akisema tulikuwa sahihi. Aliinua uso mara moja tu, akatazama nyumba ya juu, akainamisha.

Yale mashimo mawili yalifukiwa wiki ile. Watu wa afya walikuja, wakaonya, wakaondoka. Chuoni kijana wa dukani alibadilika. Alianza kuongea kidogo, na swali likija alikaa nalo kwanza. Aliniambia siku moja, tukiwa peke yetu, kwamba hakumbuki kuamua kuruka. Binti wa Matwebe alibaki na alama zake za wastani, na sasa ni tabibu kwenye zahanati ya upande wa Lupepo, ambako nasikia anawachosha wauguzi kwa maswali.

Mjane hakubaki. Mwanawe alikuja kumchukua, akampeleka Chunya, na bati likashushwa na kuuzwa, mawe yakaachwa chini. Hakuna aliyemwomba radhi. Nilipouliza, mama mmoja alinijibu kwa upole kabisa: "Gesi ipo, mwalimu, tumeiona. Lakini mbona ilisubiri mpaka aseme?" Na mwenyekiti, aliyefuatwa na lile swali aliloliuliza mwenyewe, hakugombea tena. Watu wakipita kwake huharakisha. Kuna wanaoiita gesi ya mwenyekiti.

Mwaka huu nilirudi kule na wanafunzi wengine. Kwenye kile kibonde cha kwanza, pale pale tulipokatazwa kupita, nilikuta nyumba mpya ya tofali za kuchoma. Mwenyewe ni mwalimu mwenzangu, kijana kutoka Mara aliyepangiwa shule ya sekondari, mchangamfu, ana mke na mtoto mchanga. Kiwanja alikipata kwa urahisi kwa sababu wenyeji hawakukitaka.

"Waliniambia pana uchawi," alisema akicheka. "Madam, mimi na wewe tumesoma. Ningeacha kiwanja kwa ajili ya hadithi?"

Nilimweleza yote. Alisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza shangazi mcha Mungu. Sakafuni, kwenye mkeka, mtoto wake alikuwa amelala kifudifudi, shavu limegusa saruji. Tulipima papo hapo, moto ukawaka vizuri mpaka sakafuni, naye akatabasamu. Nikamwambia ni saa saba mchana na upepo unavuma. Moto kuwaka sasa hausemi lolote kuhusu alfajiri tulivu yenye ukungu. Apime saa hizo. Mtoto asilale chini. Milango ya asubuhi ifunguliwe kabla mtu hajainama kufagia. Aliahidi.

Nampigia simu mara kwa mara, naye hupokea kwa ukarimu. Kitanda amekiinua, mkewe alimlazimisha. Kupima alfajiri bado hajapata nafasi. Juzi nilimuuliza habari za nyumbani, akasema wote wazima, mtoto ameanza kutambaa. Kuku tu ndio wanaomsumbua. Anawafungia jikoni jioni, na asubuhi nyingine anakuta wawili watatu wamelala sakafuni wamekufa, hawana alama yoyote. Anadhani ni kideri, ule ugonjwa wa kuku. Amenunua chanjo.